Maiki ya Mtumba Haifi Upesi: Mafunzo Niliyopata Konde

Konde ni mji wa soko. Ukitoka Wete kwenda kaskazini ya Pemba, unafika hapa kabla hujaingia Msitu wa Ngezi na kuelekea Makangale na Kigomasha. Sokoni kuna ndizi, muhogo, samaki na nguo za mtumba, na juu ya vyote hivyo kuna sauti: adhana, kasida za watoto wa madrasa, gari la matangazo, harusi, na mikutano ya hadhara msimu wa uchaguzi ukifika. Msiba ukitangazwa msikitini, watu huacha wanachokifanya wasikilize jina la marehemu, ukoo wake, mahali na saa ya maziko. Jina likikatika katikati, mtu anaweza kukosa kumzika ndugu yake. Kwa hiyo maiki kwetu si chombo cha burudani peke yake, na ikiharibika si jambo la kusema tutaona kesho.

Vyombo vyetu vingi vya sauti ni vya mtumba. Vingine vinaletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai kupitia Unguja, vingine vinatumwa na jamaa walioko Maskati, vingine vimehama kutoka msikiti mmoja hadi mwingine mpaka hakuna anayekumbuka vilianzia wapi. Madrasa ninayoisaidia kutunza vyombo ilipata maiki moja ya namna hiyo, ya waya, ya kushika mkononi, mwili wa chuma na wavu uliobonyea upande mmoja. Ilianza kwa kukwaruza, ikawa inakatika, mwisho ikanyamaza. Wengi walisema itupwe. Ami yangu, aliyeifanya kazi ya ufundi redio tangu zama za redio za mawe, alisema ifunguliwe kwanza. Niliyojifunza mezani kwake, na katika maiki nyingine zilizofuata, ndiyo haya.

1. Ifuate sauti njia yake

Sauti ina safari. Inatoka mdomoni, inapita wavu na sponji, inagonga kiwambo cha kapsuli, kile kichwa cha ndani kinachopokea sauti, inageuka umeme, inapita swichi, plagi, waya mrefu, plagi ya pili, mixa, amplifaya, ndiyo ifike spika. Ikikosekana mwisho wa safari, mtu wa kwanza kutuhumiwa huwa maiki, kwa sababu ndiyo iliyo mkononi. Ami hakuikubali hukumu hiyo hata siku moja. Alikuwa akisema, “Mwanangu, usimfunge mtu kwa kuwa yupo karibu.”

Kanuni yake ilikuwa kubadilisha kitu kimoja, kusikiliza, kisha kubadilisha kingine. Maiki ileile kwa waya mwingine. Waya uleule kwa maiki nyingine. Kisha tundu jingine la mixa. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na sauti ikarudi, hujui kilichoponya, na maradhi yatarudi ukiwa katikati ya maulidi. Kwa maiki yetu, waya mzima ulirudisha sauti, lakini mkwaruzo ulibaki. Hapo tukajua tuna maradhi mawili, moja ndani ya waya na jingine ndani ya mpini. Mtumba mara nyingi huja hivyo. Aliyeuza alichoka na kasoro moja, nyingine hata hakuijua.

2. Ijue ni maiki ya aina gani kabla ya kushika bisibisi

Maiki nyingi za mkononi ni za koili, ambazo mafundi huziita dainamiki. Kiwambo chembamba cha plastiki kimegandishwa kwenye koili ya waya mwembamba kuliko unywele, na koili hiyo imekaa ndani ya pengo la sumaku. Sauti ikikipiga kiwambo, koili hucheza na umeme mdogo sana huzaliwa, wa milivolti chache. Hapo hapahitajiki betri wala chochote. Ni spika iliyogeuzwa kinyume, na kweli ukipeleka umeme mdogo kwenye kapsuli hiyo itatoa sauti.

Aina ya pili ni kondensa. Zile maiki nyembamba za shingo ndefu zinazosimama kwenye mihrabu nyingi ni za jamaa hii, na maiki ndogo za kubandika kwenye kanzu pia. Nyingi zinatumia elektreti, uvumbuzi wa James West na Gerhard Sessler katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1962. Hizi bila umeme hazisemi neno. Zinataka betri, au zinataka volti 48 zinazopandishwa kutoka kwenye mixa kwa waya uleule unaoleta sauti. Mtu akinunua maiki ya shingo ndefu na kuniletea akisema imekufa, jambo la kwanza naangalia kama mixa yake ina kitufe cha volti 48 na kama kimebonyezwa. Mara nyingine maiki haina ugonjwa, ina njaa.

Hizo volti 48 zina historia ninayoipenda. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki za kulishwa umeme kwa njia hiyo, na namba 48 ilichaguliwa kwa kuwa studio zile tayari zilikuwa na umeme wa kiasi hicho kwa taa za akiba. Norway hiyohiyo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya fedha za waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Pongwe, Tanga, hadi Wesha hapa Pemba, uliozinduliwa mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na amplifaya nyingi za kijijini ziliendeshwa kwa betri za gari. Mixa tunazozihangaikia leo, sehemu kubwa zimefuata waya ule.

Tahadhari moja: unapojaribu maiki ya koili, zima kitufe cha volti 48. Kwa maiki nzima yenye waya mzima haina madhara, kwa sababu volti ni sawa pande zote mbili za koili. Lakini waya wako ukiwa na kasoro, umeme unaweza kuegemea upande mmoja na kupita ndani ya koili ambayo haikuumbwa kuubeba.

3. Sikiliza kasoro, inajitaja

Watu huja na neno moja tu: “Mbovu.” Ubovu una lugha yake, na ukiijua unapunguza nusu ya kazi.

Mkwaruzo unaokuja waya ukitikiswa ni waya. Mkwaruzo unaokuja mpini ukishikwa, waya ukiwa umetulia, ni swichi au plagi iliyo ndani ya mpini. Mvumo mzito usiokoma, unaopungua ukigusa chuma cha maiki kwa mkono, mara nyingi ni waya wa nje uliosukwa umekatika mahali. Sauti nyembamba, dhaifu, isiyo na kifua, huwa dalili kuwa waya mmoja kati ya miwili ya sauti haufiki. Sauti iliyofifia, kama mtu anazungumza nyuma ya pazia, ni uchafu wa sponji au wa kiwambo. Na sauti inayopasuka hata mtu akisema taratibu, hapo tena shaka inaingia ndani ya kapsuli, koili inasugua sumaku, na matumaini ya ukarabati yanapungua.

Nimejizoesha kusikiliza kwa headphone kubwa kwenye mixa, spika zimezimwa. Spika kubwa ya uwanjani inaficha mambo mengi, na pia inawaudhi majirani.

4. Waya ndio mgonjwa wa kwanza

Plagi ya maiki ya kawaida ina pini tatu. Asili yake ni kampuni ya James Cannon ya Los Angeles, na hadi leo mafundi wengi wanaiita kanoni. Pini namba 1 ni ya waya wa nje uliosukwa, ambao ni ngao. Pini namba 2 na 3 zinabeba sauti ileile, ila moja imegeuzwa kinyume cha nyingine. Kelele za njiani zinaziingia zote mbili sawasawa. Zikifika, mixa inachukua tofauti ya pini hizo mbili, kwa hiyo sauti inabaki na kelele zinafutana. Ndiyo sababu waya wa pini tatu unaweza kuvuka uwanja mzima bila mvumo, na waya wenye jeki kubwa ya nguzo mbili ukirefushwa kidogo tu unaanza kuimba pamoja na taa za urembo za harusi.

Waya hukatikia sehemu moja karibu kila mara: vidole vichache kutoka kwenye plagi, pale unapopindwa. Sababu naiona kila wiki. Hafla ikiisha, kijana anauzungusha kwenye kiwiko na kiganja kama anayekunja kamba ya ng'ombe, kisha anaufunga fundo. Nyuzi za shaba ndani zinapindwa palepale mpaka zinakatika moja moja, na ganda la nje linabaki zima likimdanganya kila anayetazama.

Kuupima ni rahisi. Weka mita ya umeme kwenye alama ya mlio, gusa pini 1 kwa pini 1 ya upande wa pili, halafu 2 kwa 2, na 3 kwa 3. Huku unapima, tikisa na kupinda waya karibu na plagi zote mbili. Mlio ukikatika umepata mahali. Kisha pima pia kama pini jirani zinagusana, kwa sababu uzi mmoja wa ngao uliochomoza unatosha kunyamazisha kila kitu. Dawa ni kukata sehemu iliyochoka, kuivua upya na kulehemu. Plagi usiitupe kama pini zake ni imara, na ile klipu inayobana ganda la waya irudishwe mahali pake. Waya uliolehemiwa vizuri bila klipu kubanwa hautadumu, maana kila mvuto unaanguka juu ya risasi yenyewe.

Kuunga waya katikati kwa kupotoa na kuzungushia utepe ni jambo la kuvusha usiku mmoja tu. Hewa yetu ya bahari itaingia kwenye maungio yale na kuigeuza shaba kuwa kijani.

5. Chumvi ya bahari haichagui

Kaskazini ya Pemba bahari iko kila upande, na chumvi inasafiri na upepo wa kusi hadi ndani ya makabati. Kitu cha kwanza kinachoumia ni swichi ya kuwasha na kuzima iliyo kwenye mpini wa maiki. Ndani yake mna vipande vidogo vya shaba vinavyosuguana, na ukungu mwembamba wa kutu ukishika, sauti inakatika kila kidole kikigusa.

Swichi ya maiki yetu ilikuwa na kijani kilichoonekana kwa macho. Tuliisafisha kwa spiriti na mswaki laini, tukaichezesha mbele na nyuma mara nyingi, tukaiacha ikauke. Mafuta ya kula na ya cherehani hayana nafasi hapa, yanakusanya vumbi na baadaye yanakuwa tope. Dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme ndiyo bora, ilimradi isipuliziwe karibu na kapsuli.

Swichi ikiwa imekwisha kabisa, maoni yangu ni kuiruka. Unganisha waya moja kwa moja na uifunge swichi mahali pake ibaki pambo. Kwa maiki ya msikitini ni faida hata kama swichi ni nzima, kwani muadhini hatasimama akapoteza maneno ya mwanzo kwa kuwa kuna aliyeizima jana. Mixa ina kitufe chake cha kuzimia, na hicho kinatosha.

6. Mita, na mlio mdogo wa “tak”

Baada ya waya na swichi ndiyo tunafika kwenye kapsuli. Fungua wavu kwa kuuzungusha, uweke pembeni, na fanya kazi juu ya kitambaa safi mbali na mahali palipokatwa vyuma. Sumaku ya kapsuli inavuta unga wa chuma, na ukishaingia kwenye pengo la koili hautoki.

Chomoa maiki kwenye waya wote, weka mita kwenye omu, na pima kati ya pini 2 na 3 za maiki yenyewe, swichi ikiwa imewashwa. Maiki nyingi za bei nafuu zimeandikwa 600 omu, nyingine 150 au 300. Usitarajie mita isome namba ileile, kwa sababu maandishi yanazungumzia hali ya sauti na mita inapima waya uliotulia, na kama mna transfoma ndani ya mpini unapima transfoma badala ya koili. Unachokitafuta ni kujua uko wapi kati ya mambo matatu. Mita isiposoma kabisa, kuna mahali pamekatika. Ikisoma karibu na sifuri, mahali pameshikana. Ikisoma makumi au mamia ya omu na kutulia, njia ni nzima.

Kisha lete sikio karibu. Katika kapsuli isiyopitia transfoma, ncha ya mita ikigusa, umeme mdogo wa betri ya mita unakisogeza kiwambo na utasikia “tak” ndogo. Ami alinifundisha kuisubiri sauti hiyo kuliko kusubiri namba. Namba inasema waya haujakatika, na “tak” inasema kiwambo kinacheza.

Ikiwa mita haisomi, usikate tamaa kabla hujatazama pale waya wa koili unapofika kwenye vile vidubwana viwili vya kulehemia nyuma ya kapsuli. Maiki iliyoanguka mara nyingi hukatikia hapo, na hapo panatengenezeka.

7. Kulehemu kwa haraka na kwa utulivu

Pasi ya kulehemu ya kipenyo kidogo, ya wati 30 hivi, inatosha. Pasha moto mahali pa kuunga, leta risasi ikayeyuke juu ya pale palipopata moto, ondoa risasi, ondoa pasi, usitikise mpaka iwe ngumu. Risasi iliyoshika inang'aa na kutambaa, na ile iliyosimama kama tone haijashika. Plastiki inayozishika pini inayeyuka upesi, kwa hiyo ichomeke plagi kwenye plagi mwenzake wakati wa kulehemu ili pini zisipinde zikipata moto.

Waya wa koili una rangi ya kinga juu yake, na risasi haishiki mpaka rangi hiyo iondoke nchani. Usiukwangue kwa wembe. Moto wa risasi safi yenye dawa yake unaitoa taratibu kwenye waya mwingi wa siku hizi. Mikono ikitetemeka, acha, kanywe maji, urudi.

Na fungua dirisha. Moshi ule haufai kifuani, na mikono ioshwe kabla ya kula.

8. Sponji ina mate ya watu wengi

Maiki moja usiku wa maulidi inapita kwa wasomaji, mshereheshaji, mgeni rasmi na watoto. Pumzi zote zile zina unyevu, na unyevu unakaa kwenye sponji iliyo ndani ya wavu. Kwenye maiki ya mtumba sponji hiyo huwa imeoza. Ukiibonyeza inabaki unga, na unga unaanguka juu ya kiwambo na kuizima sauti. Wavu na sponji zioshwe kwa maji na sabuni, zikaushwe kivulini siku nzima, zirudishwe zikiwa kavu kabisa. Kapsuli isiguswe na maji. Sponji iliyooza ikatwe nyingine, nyembamba na yenye matundu wazi, ambayo ukiipuliza pumzi inapita bila kizuizi. Sponji ya godoro iliyobanana haifai.

9. Jaribio la kweli ni herufi

Mafundi wengi wakimaliza husema “haloo, haloo, moja, mbili”, spika ikiitika wanafunga kazi. Kwa madrasa hilo halitoshi hata kidogo. Maalim wetu aliichukua maiki iliyotengenezwa akasoma sura fupi, akasimama kwenye sini, shini na swadi, kisha thei na dhali. Akasema sini imevaa kilemba. Alikuwa sahihi. Sponji tuliyoiweka ilikuwa nene mno. Herufi hizo zinaishi kwenye masafa ya juu, kilohezi chache na zaidi, na ndiyo masafa ya kwanza kupotea kitu kikiziba njia. Mtoto anayejifunza tajwidi kwa kusikia kwenye spika atajifunza alichokisikia. Tulibadilisha sponji, na maalim akaridhika.

Tangu hapo kipimo changu cha mwisho ni msomaji mzuri, asome karibu na kwa utulivu, nami nisikilize herufi. Jambo hili lina uzito katika historia yetu ya sauti pia. Zamani za kurekodi kwa pembe, mwimbaji alipaaza sauti ndani ya pembe na herufi za mluzi zilipotea, hazikufika kwenye santuri. Kurekodi kwa maiki na umeme kulianza mwaka 1925, na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, alirekodi Bombay mwaka 1928. Kiswahili cha taarabu ya Zanzibar kiliingia kwenye santuri wakati maiki imeshakuwepo ya kuyapokea maneno yake.

Pamoja na herufi kuna mshiko. Kuna wanaopenda kukumbatia wavu wote kwa kiganja. Nyuma ya kapsuli kuna matundu yaliyowekwa makusudi ili maiki isikie mbele na ipunguze kusikia nyuma. Ukiyaziba inasikia kila upande, na mlio wa kupiga kelele unaanza. Maiki kadhaa nimeletewa zikiwa na “ugonjwa wa kulia”, na dawa ilikuwa kushika mpini na kuzisogeza spika mbele ya msomaji badala ya nyuma yake.

10. Midomo ikitekenywa, zima kila kitu

Hili nimeliweka mbali na mengine kwa kuwa linaua. Mtu akisema maiki inamtekenya midomo au inamchoma mkono, usimwambie avae viatu na usiufunike wavu kwa kitambaa. Chuma cha maiki kimeungwa na mwili wa amplifaya kupitia pini namba 1. Amplifaya ikiwa inavujisha umeme na haina waya wa ardhini, umeme wa volti 230 unatafuta ardhi kupitia mwili wa aliyeshika maiki, na yeye amesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji yenye majimaji ya udhu.

Chanzo huwa ni pini ya tatu ya plagi iliyokatwa ili iingie kwenye soketi ya zamani, au nyumba ambayo haikuchimbiwa fimbo ya ardhini, au waya wa kurefushia wenye nyuzi mbili tu. Zima, chomoa, tafuta fundi umeme aweke ardhi ya kweli, na kama uwezo upo, aweke swichi inayojikata umeme unapovuja. Nimeshasimamisha kasida katikati kwa sababu hii, wageni wamekaa, na wenye shughuli walikasirika. Nitasimamisha tena.

11. Kununua, na isiyotengenezeka

Ninapokwenda kuangalia maiki ya mtumba sasa nabeba waya wangu mzima na mita ndogo mfukoni. Naitikisa nisikie kama kuna kilicholegea ndani. Nafungua wavu nione sponji, kutu na kiwambo. Natazama pini za plagi kama zimesimama sawa. Jina lililoandikwa ubavuni halinishughulishi sana, kwa sababu maiki za bandia zenye majina makubwa zimejaa duniani. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo ndiyo inayoigwa kuliko zote, ina uzito wa gramu 298 bila waya, na nyingi za bandia zinajitaja kwenye mizani ya duka. Hata hivyo maiki ya bandia yenye kapsuli nzima bado inaweza kutangaza mnada wa samaki, mradi usiinunue kwa bei ya asili.

Nyingine hazitengenezeki. Koili iliyokatika katikati ya mizunguko yake haiungiki kwa mkono wa mtu, na kiwambo kilichotoboka hakizibwi kwa gundi. Tunayo moja ya hivyo sasa. Wavu wake umekwenda kwa ile maiki ya madrasa iliyobonyea, plagi yake iko kwenye waya wa minbari, na mpini wanautumia vijana wawili kujifunzia kulehemu kila Alhamisi baada ya alasiri. Kapsuli mpya ya kipenyo kilekile nimeiagiza Unguja, ije na boti hadi Mkoani. Ikifika, vijana ndio watakaoifunga, mimi na ami tutakaa pembeni na mita.